Kompyuta ni ya Bosi, Lakini Mimi Si wa Bosi



Leo naomba tuweke kando kidogo habari za uchaguzi na ufisadi, tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaishi nalo kila siku ya kazi bila kulijadili. Bosi ana haki ya kuona nini ndani ya kompyuta anayotupa tufanyie kazi? Na sisi tunaoitumia tumebakiwa na haki gani?

Mimi naishi Durban na kazi yangu iko Clairwood. Kwa wasiopajua, Clairwood iko kusini mwa jiji, jirani na bandari. Zamani palikuwa makazi ya Wahindi waliolima mboga, wenye mahekalu na shule zao. Leo sehemu kubwa ni maghala, yadi za makontena na malori yanayopishana usiku na mchana. Hata uwanja wa mbio za farasi uliokuwa maarufu hapa uliuzwa 2012, na leo mahali pake pamesimama maghala makubwa.

Anayesema Clairwood ni mahali pa malori na jasho hajakosea, ila kuna kitu amesahau. Kila kontena linalotoka bandarini linafuatana na karatasi zake, na siku hizi karatasi hizo zimo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo nyuma ya kila lori kuna karani mbele ya skrini, na nyuma ya kila ghala kuna kijana mwenye skana mkononi. Miongoni mwa hao wamo Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi.

Katika ofisi nyingi za huku, ukiwasha kompyuta asubuhi unakutana na maandishi. Yanasema, kwa ufupi, kwamba ukiendelea umekubali kila unachofanya kifuatiliwe, kirekodiwe na kisomwe. Chini yake kuna kitufe kimoja tu, cha kukubali. Cha kukataa hakuna. Unabonyeza, unaanza kazi. Hoja yangu ya leo ni juu ya kitufe hicho.

Tumtendee haki bosi kwanza

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bosi si mnyonge, lakini haki yake naye tumpe. Kompyuta kanunua yeye, na intaneti analipia yeye. Mfanyakazi akitukana watu kwa anwani ya kampuni, kampuni ndiyo itakayoburutwa mahakamani. Karani akiuza orodha ya wateja kwa mshindani, hasara ni ya kampuni, na kesho yake ajira zinazopunguzwa ni zetu.

Tena sisi wa huku hatuhitaji kuhadithiwa kinachotokea kompyuta za kazini zikivamiwa. Tarehe 22 Julai 2021, mitandao ya Transnet, shirika la umma linaloendesha bandari za Afrika Kusini, ilishambuliwa na wahalifu. Mifumo ya kushughulikia makontena ikavurugika, kazi ikarudi kwenye kalamu na karatasi, na siku chache baadaye shirika likatangaza kwamba haliwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Haya yalitokea siku chache tu baada ya ghasia na uporaji ulioitikisa KwaZulu-Natal mwezi huohuo. Bandari ikisimama, Clairwood nayo inasimama. Hakuna kontena, hakuna zamu, hakuna posho.

Kwa hiyo bosi anayekataza flashi za mitaani kuchomekwa kwenye mashine zake, anayechuja viambatisho vya barua pepe, anayefunga tovuti za ngono na kamari, huyo analinda ugali wetu sote. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu unaanza pale ulinzi wa mashine unapogeuka kuwa kumchungulia mtu.

Siri ya mtungi aijuaye kata

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ya siku hizi ni seva. Barua pepe ya kazini ukiifuta kwenye skrini yako, nakala yake inaweza kubaki kwenye seva kwa miaka. Ziko programu zinazopiga picha ya skrini yako kila baada ya dakika chache. Ziko zinazorekodi kila herufi unayobonyeza, maana yake hata neno la siri la benki yako limo humo. Ukiunganisha barua pepe ya kazi na simu yako uliyoinunua kwa jasho lako, mara nyingi umeipa kampuni uwezo wa kufuta vilivyomo ndani ya simu hiyo kwa mbali. Na yule kijana wa ghala asidhani amesalimika kwa kuwa hana meza. Skana aliyoishika inajua alisimama dakika ngapi, na saa ngapi.

Sasa mfikirieni mgeni katika hali hiyo. Mwenyeji akitoka kazini ana nyumbani kwao, ana ndugu, ana mahali pa kufanyia mambo yake. Wewe uliyepanga chumba kimoja na wenzako watatu, intaneti yako ya uhakika ni ile ya kazini. Saa ya chakula cha mchana unafuatilia maombi ya kibali. Unamwandikia wakili. Unatuma hela ya matibabu ya mama. Unafungua majibu ya vipimo kutoka kliniki. Unajibu tangazo la kazi nyingine yenye mshahara wa maana kidogo.

Bosi anayesoma yote hayo sasa anajua kibali chako kinaisha lini, unaumwa nini, una deni kiasi gani, na kwamba wiki iliyopita ulizungumza na watu wa chama cha wafanyakazi. Wala hana haja ya kukufukuza, kujua tu kunamtosha. Siku utakapokwenda kudai malipo ya saa za ziada, atakuuliza kwa upole kabisa, "Hivi kibali chako kinaisha mwezi gani?" Utarudi kwenye kiti chako bila kudai kitu.

Kwa mwenyeji, kusomewa barua ni kuvunjiwa heshima. Kwa mgeni ni hayo, na juu yake ni kukabidhi mkononi mwa mtu mwingine fimbo ya kukuchapia.

Sheria ya huku inasemaje?

Wengi wetu tunaamini kwamba kwa kuwa kompyuta ni ya kampuni, basi hakuna sheria yoyote inayotuhusu. Si kweli, na hapa naomba msome taratibu.

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 14, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja waziwazi faragha ya mawasiliano. Imesema kila mtu, haikusema kila raia. Ni kweli kwamba Mahakama ya Katiba, katika shauri la Bernstein dhidi ya Bester la mwaka huohuo wa 1996, ilieleza kwamba eneo la faragha la mtu hupungua kadiri anavyotoka kwake na kuingia katika shughuli za biashara na jamii. Waajiri wanalipenda sana neno hilo. Lakini kupungua si kwisha. Maji ya mtungi yakipungua hatusemi mtungi ni mkavu.

Ikaja sheria ya mwaka 2002 inayojulikana kwa kifupi kama RICA, iliyoanza kutumika 2005. Sheria hii kwa kawaida inakataza mtu kunasa mawasiliano ya mwingine, halafu inaweka milango. Mlango mmoja ni ridhaa ya maandishi. Mwingine ni wa biashara, ambapo mawasiliano yanayohusu shughuli za kampuni yanaweza kunaswa kwenye mtandao wa kampuni kwa sababu zilizotajwa, kama usalama wa mfumo au kuchunguza matumizi mabaya, na watumiaji wawe wamefanyiwa juhudi za kutosha za kuarifiwa mapema, au wawe wameridhia. Anayenasa nje ya milango hiyo ni mhalifu. Adhabu yake inaweza kufika faini ya randi milioni 2 au kifungo cha miaka 10.

Nayo si mapambo ya vitabuni. Mwaka 2011 tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, CCMA, iliamua shauri la mfanyakazi wa shirika moja lisilo la kiserikali. Kiongozi wake alikuwa ameingia kwenye barua pepe binafsi ya mfanyakazi huyo, akasoma alivyowaandikia watu wa nje kuhusu mambo ya ofisini, na akafukuzwa kazi kwa ushahidi huo. Tume ilikubali kwamba barua ile ilifunguka kwa bahati mbaya mara ya kwanza, lakini ikaona kwamba kurudi tena kuipekua kwa makusudi ni kuvunja sheria. Ikaamua kwamba alifukuzwa isivyo halali.

Juu ya hiyo kuna POPIA, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2013, ambayo ilichelewa sana hadi kuanza kazi Julai 2020, na waajiri wakapewa mwaka mmoja wa kujipanga. Hii inamtaka anayekusanya taarifa zako akwambie anakusanya nini na kwa sababu gani, asikusanye kupita anachohitaji, na akuoneshe alichonacho ukimwomba. Na ridhaa, kwa mujibu wa sheria hiyo, lazima iwe ya hiari.

Kitufe kimoja si ridhaa

Hiari! Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kitufe kimoja kina hiari gani? Mkataba unaopewa saa mbili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi, kurasa ishirini, na nje kuna foleni ya watu wanaoitaka nafasi yako, una hiari gani?

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna historia na jambo hili, na hatupaswi kuisahau. Nani hajasikia habari za kipande? Kenya ilitungiwa sheria ya kuwaandikisha Waafrika 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Mwanamume wa Kiafrika akabebeshwa karatasi ndani ya kijaluba cha chuma, akakivaa shingoni. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Kuacha kazi bila mwajiri kutia saini ilikuwa kosa. Ni miongoni mwa madhila aliyoyapinga Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walimiminiwa risasi.

Na hapa Afrika Kusini hadithi ni hiyohiyo kwa jina jingine. Chini ya sheria ya pasi ya 1952, Mwafrika alitembea na kitabu chenye kurasa za saini ya mwajiri wake, mwezi baada ya mwezi. Watu 69 waliuawa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960 walipoandamana kupinga pasi. Sheria hizo zilifutwa 1986.

Tena Durban ina ushahidi wa zamani zaidi unaotuhusu sisi. Kuanzia 1873 Waingereza walileta hapa watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Uzao wao mpaka leo unaitwa Wazanzibari, na wengi wanaishi Chatsworth, si mbali na Clairwood. Walitolewa utumwani, halafu wakafungwa kwa mikataba ya kazi ya miaka. Waliulizwa kama wanaridhia? Angekataa, angekwenda wapi?

Naomba nieleweke. Sisemi kompyuta ni kijaluba cha chuma, wala sifananishi ofisi yenye kiyoyozi na Sharpeville. Ninachosema ni kwamba kipande kilikuwa daftari la mwajiri juu ya maisha ya mfanyakazi, ambalo mfanyakazi alilibeba lakini hakuwa na mamlaka nalo. Kumbukumbu zinazotunzwa leo kwenye seva, nani alifungua nini na alimwandikia nani, nazo ni daftari la aina hiyo. Tofauti ni kwamba kipande ulikihisi shingoni.

Walichojifunza wengine

Mwaka 2007 mhandisi mmoja wa Romania, Bogdan Bărbulescu, alifukuzwa kazi kwa kutumia Yahoo Messenger ya kazini kwa mambo yake. Mwajiri alimwekea mezani kurasa 45 za mazungumzo, yakiwemo aliyoyafanya na mchumba wake na kaka yake, mpaka mambo ya afya na ya chumbani. Alishindwa kwao, akashindwa tena Strasbourg 2016, lakini Septemba 2017 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya likampa ushindi kwa kura 11 dhidi ya 6. Mahakama haikusema mwajiri haruhusiwi kufuatilia. Ilidai maswali yajibiwe. Je, aliarifiwa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani? Palikuwa na sababu ya msingi? Hapakuwa na njia isiyoingilia sana?

Ujerumani, Oktoba 2020, kampuni ya nguo ya H&M ilitozwa faini ya euro milioni 35.3. Viongozi wake wa kituo cha Nuremberg walikuwa wakiandika habari za magonjwa, familia na hata dini za wafanyakazi. Iligundulika vipi? Hitilafu ya mfumo iliyafungua mafaili yale kwa saa chache yakaonekana kampuni nzima. Daftari la siri za watu halikai kabatini milele.

Na vijana wa maghala wasikie hili. Januari 2024 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ufaransa ilitangaza kuitoza kampuni ya maghala ya Amazon nchini humo euro milioni 32. Skana zilikuwa zikihesabu muda ambao mfanyakazi hakugusa bidhaa, hata dakika chache, na kumtia alama aliyeskani bidhaa mbili kwa haraka iliyopita kiasi. Ukichelewa una kosa, ukiwahi sana una kosa!

Na nyumbani je?

Msidhani haya ni ya wazungu na ya Afrika Kusini peke yake. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kenya ina Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Uganda nayo ilitunga ya kwake 2019. Sheria zipo. Swali ni moja: ni wafanyakazi wangapi wa Dar, Mombasa au Kampala wamewahi kumwomba mwajiri awaoneshe anachokihifadhi juu yao? Sheria isiyotumiwa na mnyonge hugeuka pambo la kabati la waziri.

"Kama huna baya unaogopa nini?"

Najua wapo watakaouliza hivyo. Nawajibu: mnafunga mlango mkienda kuoga. Mnaficha nini? Kuna mambo si mabaya, ni ya mtu tu. Na wapo watakaosema, "Tumia simu yako." Ushauri mzuri, nami naufuata. Lakini ushauri wa kujikinga hauondoi wajibu wa anayevamia. Mtu akiibiwa kwa kutofunga dirisha, mwizi anabaki mwizi.

Ninachopendekeza

Kwa mwajiri, mambo manne. Kwanza, mwambie mfanyakazi kwa lugha anayoielewa unaangalia nini, lini, na nani anasoma. Pili, linda mashine kwanza, na mtu umchunguze pale tu penye sababu inayoweza kuandikwa na kutiwa saini. Tatu, barua za wakili, za daktari, za chama cha wafanyakazi na za familia usiziguse hata zikipita kwenye waya wako. Nne, weka muda wa kufuta ulichokusanya, na ufute kweli.

Kwa mfanyakazi, mambo ya kibali, afya na benki yaweke mbali na mashine ya kazini kadiri unavyoweza. Soma sera kabla ya kusaini na ubaki na nakala. Omba kwa maandishi kuoneshwa taarifa zako. Ukifukuzwa kwa barua zilizosomwa kinyume cha sheria, una siku 30 kupeleka shauri CCMA, na hulipii kitu. Wa Tanzania wana CMA yao, nayo siku ni hizohizo kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali.

Na wewe ambaye kibali chako kina mushkeli, usikubali kuambiwa huna pa kwenda. Mwaka 2008 Mahakama ya Kazi ya Afrika Kusini, katika shauri la Discovery Health, iliamua kwamba mgeni ambaye kibali chake kilikuwa kimekwisha bado ni mfanyakazi mbele ya sheria ya kazi, na CCMA ina mamlaka ya kumsikiliza. Kosa la kibali lina sheria yake na uonevu kazini una sheria yake. Moja haliifuti nyingine.

Kazi tunauza kwa saa. Saa zikiisha tunarudi kwetu na yaliyo yetu, na barua za mama zangu hazimo katika bei tuliyokubaliana.

Naomba kuwasilisha.